Minyoo Waliokataa Kufa kwa Dawa ya Shangazi

Fremu ilinunuliwa kabla mnyoo hata mmoja hajatiwa kwenye kisahani. Shangazi aliichagua mwenyewe, ya mbao nyeusi yenye kioo, akapigilia msumari sebuleni juu ya redio, akaitundika tupu. Aliyeuliza mbona haina picha aliambiwa asubiri: mtoto wa kaka yake yuko maabara anaipima dawa, na karatasi ya majibu ikitoka na muhuri wake itakaa humo. Basi watu wakawa wanaingia, wanautazama ukuta kupitia kioo, wanatikisa kichwa kwa heshima na kwenda zao.

Chanzo cha yote ni mwenye duka la dawa pale kona. Mtu yule ana mdomo, wacha niseme tu. Siku moja, mbele ya wateja, alimwambia Shangazi, "Mama, wewe na hayo majani yako, ipo siku utaua mtoto wa mtu." Shangazi alichukua miche yake sita ya sabuni, akarudi nyumbani, akampigia simu mtoto wa kaka yake.

"Wewe si unapima minyoo? Basi pima na dawa yangu. Karatasi ije, watu wanyamaze."

Huyo mtoto wa kaka, ambaye mtaani walimwita Mpimaji tangu alipopata kazi, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye diploma, koti jeupe, na hofu ya kitu kimoja tu duniani, nacho ni Shangazi. Alilelewa naye tangu ana miaka sita. Dawa ile aliinywa kila baada ya miezi mitatu mpaka alipohama kwenda kujitegemea, vijiko viwili kila mara, na uchungu wake si wa kusimulia. Ulimi unajikunja, masikio yanawasha, machozi yanatoka bila kuitwa. Halafu yanafuata masharti, na masharti ndiyo yaliyoogopwa kuliko dawa yenyewe. Ukishakunywa, usiguse chakula kabla hujanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Ukitoka chooni, sabuni tena. Usitoke nje peku. Kucha zikatwe kila Ijumaa. Tunda lioshwe, hata la kuiba. Ukivunja sharti moja, dawa inakugeukia tumboni. Ikikugeukia inafanyaje, hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujua. Masharti yalidumu miezi mitatu, na ikiisha miezi mitatu, unakunywa tena.

Kitu kingine cha kumsifu nacho ni hiki: mtoto aliyevimba tumbo au aliyekonda hakupewa hata tone. Huyo Shangazi alimshika mkono yeye na mama yake, akawaburuta mpaka zahanati.

Kazini, bosi wa Mpimaji, ambaye wote walimwita Daktari, alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili, na alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia walipima choo cha watoto wa shule tatu. Watoto wa mtaa wa Shangazi karibu wote walikuwa safi. Mtaa wa pili yake, wanaochota maji bomba lile lile, kila mtoto wa tatu alikuwa na mayai ya minyoo. Katika zoezi hilo wafanyakazi wa maabara nao walitoa vikopo vyao, bila majina, kwa namba tu, na namba kumi na saba alikutwa na mayai ya kutosha kufungulia shamba la kuku. Namba kumi na saba alikuwa Daktari.

Haikumshangaza mtu. Daktari alikuwa na tabia ya kubeba karanga kwenye mfuko wa koti la maabara. Alisimama chini ya tangazo la kukataza kula humo ndani, tangazo alilolisaini mwenyewe, akatafuna huku anahesabu minyoo, na mkono ukatoka kwenye kisahani ukaenda mfukoni, ukatoka mfukoni ukaenda mdomoni. Nani amwambie? Bosi ni bosi. Alimeza vidonge vyake kimyakimya na kuendelea na karanga.

"Kuna kitu kwenye yale majani," alisema, akitafuna. "Tukikipata, jina la shangazi yako litafika mbali."

Basi Mpimaji akaanza kwenda machinjioni kila Jumatatu na Alhamisi, mkononi ana chupa ya chai iliyojaa maji ya chumvi ya vuguvugu. Wachinjaji walishamzoea. "Dada wa matumbo kaja," walisema, wakampasulia tumbo la mbuzi na kumwachia nafasi. Naye aliinama na kibano, akaokota minyoo myembamba mmoja mmoja kwa upole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ilikuwa lazima wafike hai, kwa sababu mnyoo aliyekufa njiani hathibitishi chochote.

Maabara aliwagawa kwenye visahani vinne vya kioo, kumi kumi. Cha kwanza kilikuwa na maji ya chumvi matupu. Cha pili kilikuwa na dawa ya Shangazi kidogo. Cha tatu, dawa ya Shangazi nyingi. Cha nne, kidonge cha minyoo cha dukani, kilichosagwa. Akaviweka kwenye kabati la joto lililotegwa sawa na tumbo la mbuzi, na kila baada ya saa mbili akavitoa, akaweka kimoja kimoja chini ya hadubini na kuwachokoza kwa sindano. Aliyejikunja yu hai. Asiyejikunja aliandikwa marehemu.

Kisahani cha nne wote walikuwa marehemu kabla ya chakula cha mchana. Kisahani cha pili na cha tatu hakufa mtu.

Mpimaji alidhani amekosea. Akarudia. Aliyachemsha majani, akayaloweka kwenye maji baridi, akayaloweka kwenye spiriti na kuyakausha. Mwisho aliikaza dawa mara kumi, ikawa nzito kama uji, rangi ya lami, harufu ya kumfukuza mtu ndani ya chumba. Minyoo wakaogelea humo. Kesho yake wale wa maji matupu walikuwa wameanza kulegea, kama ilivyo kawaida yao wakiwa nje ya tumbo. Wa dawa ya Shangazi walikuwa bado wanajinyonganyonga na afya zao.

Daktari aliwatazama kwa muda mrefu. "Hawa wanapata nguvu," alisema, akala karanga.

Mpimaji hakuona cha kucheka. Usiku na mchana aliiona ile fremu. Aliwaona majirani wanaoingia kutazama ukuta, na mwenye duka la dawa akisimama mlangoni pake na tabasamu lake. Aliyemsomesha kwa kuuza vitumbua na kufua nguo za watu alikuwa anasubiri karatasi, na karatasi yenyewe ingesema kwamba miaka ishirini na minane amewanywesha watu maji machungu ya bure. Na atakayeisaini ni nani? Ni yeye, mtoto wa nyumbani. Ripoti ilitakiwa Ijumaa.

Jumanne asubuhi Shangazi akaingia maabara bila hodi ya simu wala ya mlango.

Alikuwa amevaa viatu vya kutokea na amebeba mkoba mkubwa. Kwanza alikwenda kwenye sinki, akanawa mpaka viwikoni, akajifuta kwa leso yake mwenyewe kwa sababu taulo la pale hakuliamini. Kisha akasema, "Haya, nionyeshe."

"Shikamoo, Shangazi. Ungesema unakuja."

"Marahaba. Ningesema, ungepanga. Dawa yangu iko wapi?"

Mpimaji aligeuka kwenda kwenye kabati la joto kukitoa kisahani chake. Alichosahau ni kwamba chini ya hadubini palikuwa tayari na kisahani, na Shangazi hakuwa mtu wa kusubiri kukaribishwa. Alipogeuka alimkuta ameshainama, jicho moja limefumbwa, mkoba umemning'inia kiwikoni. Kisahani kile kilikuwa cha nne.

"Mbona hawajongei?" Shangazi aliuliza.

"Wamekufa, Shangazi."

"Wote?"

"Wote kumi."

Shangazi aliinuka polepole. "Umewatilia kiasi gani?"

"Kidogo sana. Kama tone."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema: hicho ni cha kidonge, chako ni hiki nilichoshika. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, likaona uso wa Shangazi, likarudi lilikotoka. Mpimaji alimtazama Daktari amwokoe. Daktari alitia karanga mdomoni na kujitia hamnazo, anasoma karatasi aliyoishika juu chini.

"Tone," alisema Shangazi. Akafunga mkoba wake, akatoka. Hakuaga. Karanga za Daktari alikuwa ameziona, na hakusema neno juu yake. Hilo peke yake lilitosha kumshtua Mpimaji, lakini yeye aliona ni furaha imempita kiasi, akakaa kwenye stuli na kujilaani. Sasa badala ya shida moja alikuwa na mbili, maana kwanza angemwambia Shangazi dawa yake haina kitu, na pili angemwambia kwamba yeye alijua na akanyamaza.

Jumatano alisubiri simu za pongezi. Alijua Shangazi atakuwa ametangaza mtaa mzima, na kila atakayemsimulia ni mtu mmoja zaidi wa kumcheka baadaye. Simu haikulia. Alhamisi mchana ikalia, naye akaipokea amefumba macho. Alikuwa Mama Mapacha, jirani wa mlango wa pili wa Shangazi.

"Kulikoni huko kwenu?" alisema Mama Mapacha. "Shangazi kafunga. Watoto wamekwenda kunywa zamu yao, kawafukuza mlangoni. Kasema hakuna dawa tena, na masharti yamekwisha. Unajua wangu wamefanyaje? Leo wameokota mapera chini wakala hivyo hivyo, na mikono imetoka kwenye mtaro. Wanashangilia. Mimi nitawaweza?"

Mpimaji alikata simu akiwa haelewi lolote, ila kwamba mambo yameharibika. Akaketi, akaandika ripoti. Mpimaji ana udhaifu wake, lakini kupika matokeo hajui, na aliandika kile minyoo walichomwonyesha. Dawa hii haikuwadhuru minyoo kwa kipimo chochote, hata ilipokazwa mara kumi. Daktari alisaini chini yake na kugonga muhuri.

"Mpelekee mwenyewe," alimwambia, kwa sauti ya upole ambayo haikuwa yake. "Asije akaisikia kwa watu."

Ijumaa alasiri Mpimaji alipiga moyo konde akaenda. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Sebuleni, juu ya redio, ulibaki msumari mtupu. Uani, sufuria ya dawa ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa na kupinduliwa kifudifudi. Shangazi alikuwa kwenye kochi, macho mekundu, amefungua magotini daftari lake kuukuu alimoandika jina la kila mtoto aliyewahi kumnywesha.

"Kaa," alisema kabla ya salamu. "Tumbo lako linakuwaje?"

"Zima, Shangazi."

"Usinifiche. Wewe ndiye uliyekunywa nyingi kuliko wote. Ini? Kichwa hakiumi ukiinama?"

"Sina tatizo lolote. Kwani kuna nini?"

Shangazi aligusa daftari kwa kidole. "Nawafuata mmoja mmoja. Mpaka sasa nimefika thelathini na wawili. Fundi cherehani mguu wa kushoto unamsumbua. Mwalimu hapati usingizi. Yule wa gereji kapata upara na hajafika arobaini. Wote nimewanywesha mimi." Akafunua ukurasa. "Mwenye duka alisema kweli. Miaka ishirini na minane nawanywesha watoto wa watu sumu, na nikamnywesha na wangu."

Mpimaji alimtazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. "Shangazi, dawa ya minyoo si ndiyo inatakiwa iue minyoo?"

"Nani alikwambia ile inaua minyoo?"

"Wewe."

"Mimi sijasema hata siku moja. Mimi husema kunywa, halafu husema nawa." Shangazi alijifuta pua kwa leso. "Ile ni majani machungu tu. Mama yangu alikuwa nayo, nami nikairithi. Mwambie mtoto nawa mikono, atakutazama. Mpe kwanza kitu cha kumtoa machozi, umwambie kitamgeukia, halafu mwambie nawa. Atanawa mpaka ngozi ichubuke. Minyoo inazuiwa na sabuni, jamani, nani hajui? Majani yale nimeyanywa mwenyewe miaka yote, nikajua hayana kitu, ndiyo maana nikawapa watoto bila wasiwasi. Nilitaka ile karatasi iseme hayadhuru, nimfunge mdomo yule wa kona. Sasa naja kwako naambiwa tone moja limeua kumi."

Mpimaji alihisi kicheko kinampanda na kilio kinampanda, vyote kwa njia moja, na hakujua kipi kitatangulia kutoka.

"Shangazi," alisema, "kile kisahani hakikuwa chako."

"Rudia."

"Kilikuwa cha kidonge cha dukani. Chako nilikuwa nimekishika mkononi. Ndani yake walikuwa wazima wote."

Shangazi alifunga daftari. Alilifunga taratibu mno, na Mpimaji, mwenye miaka thelathini na minne na diploma, akasogea mwisho wa kochi. "Siku tatu," alisema Shangazi. "Siku tatu sijalala. Nimemkanda fundi cherehani mguu kwa mikono yangu. Nimemwomba radhi mwenye upara. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukuvunja moyo. Ulishatundika fremu. Umenilea, umenisomesha, halafu mimi ndiye nikwambie dawa yako si kitu? Sikuweza, Shangazi. Bora ningeambiwa niache kazi."

Shangazi alimtazama, akatazama pembeni, akajifuta macho, na alipoanza kusema sauti ilikuwa imerudi kwenye ukali wake wa siku zote, jambo lililompa Mpimaji faraja kubwa. "Mjinga wewe. Karatasi iko wapi? Soma."

Mpimaji akasoma. "'Dawa hii haikuwadhuru minyoo kwa kipimo chochote, hata ilipokazwa mara kumi.'"

"Mara ngapi?"

"Kumi."

"Na hawakudhurika?"

"Walinawiri."

"Muhuri upo?"

"Huu hapa."

Shangazi aliinuka, akaingia chumbani, ikasikika sauti ya kitu kinavutwa chini ya kitanda. Alirudi na fremu na kitambaa cha kufutia kioo.

Jumamosi asubuhi aliacha mlango wazi, na mtaa ukaingia. Mwenye duka la dawa naye akaja, maana hakupitwa na jambo. Alisogea, akasoma, akasoma tena, tabasamu likamtanda.

"Mama, hii inasema dawa yako haifanyi kazi."

"Inasema haijaua hata mnyoo," Shangazi alijibu, akipanga vikombe. "Wewe uliniambia nitaua mtoto."

Yule bwana alisoma mara ya tatu. Wengine wakaangua kicheko, na yeye, nampa haki yake, akacheka pia mwishoni. Kisha Shangazi akawaeleza wote bila kuficha: majani hayana kitu, kazi yote ni sabuni, viatu na kucha, na mwenye minyoo tayari apelekwe zahanati akapewe kidonge. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, Mama Mapacha, aliyewashika wanawe kwa kola mmoja kila mkono, aliuliza kwa unyonge.

"Tumeelewa, Shangazi. Ila vijiko vyetu viwili tunapata lini? Hawa hawajanawa tangu juzi."

Sufuria ikarudi jikoni siku ile ile.

Jumatatu Mpimaji alifika kazini na chupa ndogo ndani ya mfuko, na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya mkono wa Shangazi, ambaye Mpimaji alikuwa amemsimulia yote, yenye maneno "Kwa namba kumi na saba". Daktari aliyasoma masharti yote mpaka mwisho. Ripoti aliisaini mwenyewe, na alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba ndani ya chupa ile hamna kitu. Akanywa vijiko viwili. Ulimi ukamkunjika, machozi yakamtoka, akashika ukingo wa meza mpaka ikapita.

Halafu akatoa karanga mfukoni, konzi nzima, akazimwaga kwenye pipa la taka, akaenda kwenye sinki kunawa.

"Isije ikanigeukia," alisema, sabuni imemfika kwenye viwiko.

Mpimaji akasogea kando yake kusubiri zamu, mikono ya koti ameshaikunja.